Mrija Uliovunjwa Kanisani

Nilimjua Oboth kwa sababu ya spoki. Siku zile nilikuwa nauza chumvi, nyembe na sabuni ya mche kwa baisikeli, kutoka Busia mpaka Tororo na vijiji vya katikati, na kila nilipofika Sop Sop mtu mmoja mrefu, mabega yameinama mbele kidogo, alisimama njiani kuniuliza kama nina spoki zilizokatika. Nzima hakuzitaka, nzima ni ghali.

"Baisikeli yako iko wapi?" nilimuuliza mara ya kwanza.

"Mimi sina baisikeli," akasema. "Mimi niko na mirija."

Alikuwa mtengenezaji wa mirija ya kunywea pombe. Asiyekaa huku kwetu mpakani ajue kwamba pombe ya wimbi hatunywi kwa bilauri. Inawekwa katika chungu kikubwa, inamiminiwa maji moto, na wazee wanakizunguka kwenye vigoda vyao, kila mmoja na mrija wake, mrefu kuliko yeye mwenyewe, ncha moja chunguni, ncha ya pili mdomoni. Oboth alikata mashina kando ya kinamasi, shina la mmea unaotambaa, lenye mafundo mafundo. Aliyakausha juu ya moshi, akayakata vipande vya urefu wa mkono, akapasha spoki mpaka ikawa nyekundu, akatoboa fundo baada ya fundo, upande huu na upande ule. Halafu aliunga vipande vinne kwa mpira wa tyubu, akasuka kichujio kidogo mwishoni cha kuzuia machicha. Mirija yake ilijulikana mpaka Mella na mpaka Sikuda. Mtu akisema huu ni wa Oboth, hakuna aliyeuliza tena.

Lakini kazi yenyewe ndiyo iliyomla. Mrija mpya haujaribiwi kwa maji. Maji hupita popote; machicha ndiyo yanayoonyesha ubovu wa mrija. Kwa hiyo alipopeleka mrija kwa mteja ilibidi auvute pale pale penye chungu. Anavuta, anameza, anautoa, anakaza kiungo, anavuta tena. Mirija mitatu kwa siku ni vyungu vitatu. Hakuna aliyeita hayo ulevi. Ilikuwa kazi, na alisifiwa kwa kuifanya vizuri.

Miaka ikapita hivyo. Pombe ya wimbi ikawa haimshiki upesi, akaanza kuja Busia kutafuta waragi, ile pombe kali ya kienyeji inayouzwa katika chupa ya soda nyuma ya nyumba za watu. Mwaka 1964 alikuwa anakunywa asubuhi kabla ya uji. Nimeona kwa macho yangu: kabla ya funda la kwanza hakuweza kuingiza spoki katika tundu, mkono unaruka kama kuku aliyechinjwa. Akishameza funda moja, mkono unatulia, anatoboa kama fundi wa saa. Sasa mwambie mtu kama huyo kwamba pombe inamharibia kazi.

Siku moja alijikwaa akiwa na ile spoki nyekundu mkononi, ikamchoma binti yake Apendi kwenye mkono, juu ya kiwiko. Apendi alikuwa na miaka kumi na sita. Hakulia sana. Alishika mkono wake akamwambia, "Baba, kaa chini kwanza, utaungua na wewe." Nadhani maneno hayo ndiyo yaliyompeleka kwa Padri. Kama msichana angemtukana, pengine angekunywa akasahau.

Padri wa misheni yao alikuwa Mholanzi, jina lake Joost, watu wakamwita Yosti. Mtu mrefu, nywele nyeupe, kanzu yake daima ina mafuta ya mashine maana alipenda kukarabati pampu na saa na cherehani za watu. Alikuwa mwema, hilo nalisema kabla ya mengine. Kiswahili chake kilitoka kitabuni, kila neno limepigwa pasi. Juu ya pombe alikuwa na mahubiri ya namna moja tu: kwamba mlevi amefungwa kamba na shetani, na kamba haifunguliwi kidogo kidogo, inakatwa.

Oboth alipomwendea, Padri alifurahi sana. Akamwambia, "Mwanangu, Jumapili ya kwanza ya Kwaresima njoo mbele ya waumini wote, na uulete mrija wako. Utakula kiapo mbele ya Mungu."

Oboth akafika na mrija wake mwenyewe, ule aliourithi kwa baba yake na kuubadilisha vipande mpaka hakikubaki cha zamani ila kile cha mdomoni, kimekuwa cheusi kwa meno ya watu wawili. Akaapa. Padri akamvika medali ya Bikira Maria. Halafu akauchukua mrija, akauweka juu ya goti lake, akauvunja. Paa! Akavunja tena, paa, mpaka ukawa vipande vipande mbele ya altare.

Hapo ndipo ilipotokea. Katika ukoo ule mrija wa mtu huvunjwa siku moja tu. Huvunjwa siku ya kumzika, na wazee wanaokaa naye chunguni, ili kuonyesha kwamba kigoda chake kimebaki wazi. Mama yake Oboth, bibi kizee, alikuwa amekaa mstari wa mbele. Aliposikia ile paa ya kwanza akainuka, akaweka mikono kichwani, akapiga yowe la msiba. Wanawake wengine wakaitika, kanisa zima likalia. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na baisikeli yangu, nywele zikanisimama.

Padri Yosti akainua mikono, machozi yakamtoka na yeye. Alidhani watu wanalia kwa toba.

Wiki ya kwanza Oboth aliugua vibaya. Alitoka jasho, alitetemeka, alisema ukuta una sisimizi nao wanamwita jina. Padri alikuja siku tatu mfululizo kwa baisikeli, akakaa karibu na kitanda kile cha kamba, akisoma kitabu chake cha sala na kumnywesha mchuzi kwa kijiko. Mke wake Oboth, Abbo, aliniambia hajaona mwanamume akimlisha mwanamume mwingine namna ile. Alipopata nafuu, Padri akamwambia kazi ya mirija nayo aiache. "Unatengeneza kamba za wenzako," ndivyo alivyosema. Oboth akakubali. Akanipa spoki zake, kumi na moja, zimefungwa kwa kipande cha tyubu.

"Kauze, Labani. Nisizione."

Nikazitia kwenye mkoba wa baisikeli. Sikuziuza. Kila nilipotaka kuzitoa, nilizirudisha.

Tangu hapo Oboth akawa mtu wa barabarani. Mikono iliyozoea kutoboa ilikosa kazi. Alijaribu kusuka vikapu, akaacha. Akajaribu kuchoma mkaa, akaacha. Alitembea. Ungemkuta asubuhi njia ya Tororo, mchana anarudi, jioni anaelekea kinamasini kutazama tu yale mashina yanavyoota. Nikisimama kumsalimu, yeye hasimami. Ilinibidi nisukume baisikeli kando yake.

"Ukikaa, inakujaje?" nilimuuliza.

"Nikikaa naisikia hapa," akagusa koo. "Nikitembea, inabaki nyuma hatua mbili. Basi natembea."

Kumbe kiu ilikuwa nusu tu ya taabu. Nusu ya pili ilikuwa watu. Hawakumchukia, ila walimhesabu amekufa. Mambo yote ya ukoo, ya shamba, ya ndoa, ya ugomvi, yalizungumzwa penye chungu, na penye chungu kigoda chake kilikuwa kimepinduliwa miguu juu. Alipokaribia, wazee walinyamaza kwa heshima, kama unavyonyamaza karibu na kaburi. Sokoni vijana walimtania, "Marehemu, umeamkaje? Huko chini kuna mvua?" Na yeye alijibu, "Kavu tu," akapita. Abbo alikuwa anapewa pole na wanawake wenzake huku mume wake anachanja kuni nyuma ya nyumba.

Miezi saba aliishi hivyo, na hakuonja.

Mwezi wa kumi, wimbi limekwisha kuvunwa, ikaja habari kwamba Okiror, kijana wa Mella, anataka kumwoa Apendi, na baba yake, mzee Ekaju, atakuja kuongea mahari. Msichana mwenyewe alimtaka. Nyumba ikachangamka. Halafu akafika Owor, ndugu mkubwa wa Oboth kwa mama mwingine, mtu mnene mwenye sauti nyororo. Nilikuwepo, nampimia Abbo chumvi.

"Shemeji, msiwe na wasiwasi," Owor akamwambia Abbo, "mimi nitakaa kama baba ya msichana."

Oboth akatoka nyuma ya nyumba na shoka mkononi. "Baba ya msichana ni mimi."

"Wewe mrija yako ilivunjika, ndugu yangu. Mbele ya watu wote. Mtu bila mrija hana kigoda, na bila kigoda atapokeaje wakwe? Mimi sikutunga hiyo."

"Mimi ni mzima!"

"Ni mzima, ndiyo. Nani amekataa?" Owor akasema kwa upole wa kuudhi. "Lakini tukikuachia wewe, watu ya Mella watasema binti alitolewa na mzimu. Ndoa gani hiyo? Au tengeneza mrija mpya, kaa na sisi, vuta kama wanaume. Mimi nitafurahi kuliko wote."

Na kweli nadhani angefurahi. Pengine angefurahi zaidi kuwapeleka kwake ng'ombe wa mahari, lakini hilo ni wivu wangu.

Hapo ndipo Oboth aliposhikwa. Akitengeneza mrija na kukaa chunguni atavuta, na akivuta funda moja amekwisha. Yeye mwenyewe alilijua hilo kuliko padri yeyote. Asipokaa, Apendi ataolewa kama yatima na yeye amesimama pale pale anatazama. Siku zilikuwa zimebaki tisa.

Akamwendea Padri Yosti. Padri akamsikiliza nusu, akamkatiza. "Usikaribie chungu, mwanangu. Mwache ndugu yako akae. Cheo ni kitu cha dunia. Wewe linda kiapo." Oboth akarudi nyumbani. Kesho yake nikamkuta Busia, upande wa Uganda, amesimama karibu na ile nyumba ya waragi, mikono nyuma, kama mtoto nje ya darasa.

"Oboth. Twende."

"Wapi?"

"Popote. Si ulisema inabaki nyuma hatua mbili?"

Tukavuka. Kuvuka siku zile ilikuwa kitu kidogo, askari alitutazama viatu tu. Upande wa Kenya nilikokuwa nasali mimi kulikuwa na padri kijana, Msamia, jina lake Cornelius, hajamaliza miaka mitatu katika upadri. Tulimkuta nje ya kanisa amepindua baisikeli yake, anatafuta tundu la tyubu kwenye beseni la maji. Nikamwambia, Padri, huyu rafiki yangu ana jambo.

"Kitubio au maongezi?" akauliza. "Kama ni kitubio ninawe mikono."

"Maongezi," Oboth akasema.

"Basi shika hapa."

Oboth akashika gurudumu, na hapo hapo nikaona mabega yake yanashuka. Alikuwa amepewa kitu cha kushika. Akaeleza yote. Padri Cornelius hakumkatiza, alikuwa anazungusha tyubu majini tu, anatafuta mapovu.

"Asubuhi, ulipokuwa unakunywa, mikono ilikuwa inafanyaje kabla ya kunywa?"

Oboth akamtazama. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. "Ilikuwa inaruka."

"Na baada?"

"Inatulia."

"Baba yangu mdogo alikuwa katekista," Padri akasema. "Kila Jumamosi anaungama, kila Jumapili jioni tunambeba. Alikuwa anatetemeka kama mtu wa malaria. Mapadri wakampa rozari, akasali rozari kweli, analia. Akafa. Mimi nikajiuliza, mtu wa malaria tunampa rozari, sawa, lakini si na dawa pia? Na mtu wa kukaa naye?"

"Kwa hiyo ni ugonjwa? Si dhambi?"

"Ndugu yangu, seminari hawakunifundisha mahali ambapo moja inaishia na nyingine inaanza. Wewe ulimchoma mtoto. Hilo uliungama, likaisha. Huku kuruka kwa mikono si kitu cha kuungama. Ni kitu cha kuuguza, na mtu haugui peke yake." Mapovu yakatoka, akaweka kidole juu yake. "Padri wako anajua mrija ukivunjwa maana yake ni nini?"

"Nani angemwambia? Ni Padri."

"Basi mwambie wewe."

"Padri kwa padri, ungemwambia wewe."

Cornelius akacheka. "Mimi? Kijana wa juzi, wa dayosisi nyingine, tena wa nchi nyingine siku hizi! Nikienda mimi, atasikia mtoto anamfundisha kazi. Ukienda wewe, atamsikia mtu aliyemvunjia mrija."

Tulilala kwangu, na alfajiri tukaondoka. Njia yote hakutaka kupanda baisikeli. Alikuwa ananiacha, anarudi, ananiacha tena. Mara mbili alisema turudi, mara moja akageuka kweli akatembea kuelekea Busia mpaka nikamkimbilia.

Padri Yosti alikuwa nyuma ya misheni na pampu yake, imefunguliwa vipande vipande juu ya gunia. Oboth hakukaa. Alisema akiwa amesimama, tena kwa haraka, Kiswahili chake cha keya, kile cha askari wa Mwingereza, kama anaripoti kwa afisa.

"Padri, siku ile uliniua. Kwetu mrija inavunjwa mtu akifa. Mama yangu hakulia toba, alilia maiti. Sasa mimi ni maiti miezi saba. Sijanywa, lakini mimi ni maiti. Na binti yangu anaolewa."

Padri alikuwa na spana mkononi. Akakaa nayo hivyo.

"Miezi saba," akasema. "Na hakuna aliyeniambia?"

"Hukuuliza, Padri."

"Niliandika barua nyumbani kwetu. Nilisema watu wamelia." Akaiweka spana chini, mahali pake, sambamba na nyingine. Tukadhani atakasirika. Badala yake alianza kusema taratibu, hatazami mtu, kwamba alikuwa na ndugu. Mdogo wake. Alikuwa mlevi wa jini, ile pombe kali ya kwao. Siku moja baba yao alivunja chupa yake kwenye kizingiti cha mlango akamwambia asirudi mpaka aache. "Hakurudi," Padri akasema. "Mimi nilikuwa dirishani. Nilimwona akifika njia panda." Akapangusa vidole kwenye kanzu. "Nami nilidhani baba alifanya vema."

Jogoo aliwika huko jikoni.

"Je, kwenu mrija ukivunjwa kwa kosa, hufanywaje?"

"Ilitokea mara moja," Oboth akasema. "Ochen, askari. Wakasema amekufa Burma, wazee wakavunja mrija yake, halafu akarudi na kofia. Yule aliyevunja alitengeneza mwingine kwa mkono wake, akampa mbele ya watu. Lakini hiyo ni wazee. Wewe ni Padri."

Padri akaokota bolti, akaifuta. "Mashina hukatwa wapi?"

"Chini ya kilima, kinamasini."

"Asante. Nendeni salama."

Basi, ndivyo tu. Tukaenda. Oboth akaniuliza mara kumi njiani: amesema nini, anataka nini, kwa nini ameuliza mashina? Nikamwambia wazungu huuliza kila kitu. Siku zile sita zilizobaki hakulala, Abbo aliniambia. Alikuwa anazunguka nyumba mpaka nyasi zikalala.

Siku ya mahari ikafika, mchana mweupe, jua kali. Mimi nilikuwa nimeletwa kama rafiki, nikapewa kigoda cha pembeni. Chungu kilikuwa kimewekwa uani, Abbo anaongeza maji moto, uso umekaza. Wazee wa ukoo upande huu, watu wa Mella upande ule, na kwa kuwa wale ni Wateso na hawa ni Wapadhola, mambo yakaenda kwa Kiswahili. Owor alikuwa amekaa mahali pa baba, mrija mdomoni, ametulia kama mtu aliyezaliwa pale.

Mzee Ekaju akatazama huku na huku. Alikuwa mzee mfupi, mwenye macho ya mzaha. "Sisi tumekuja kwa baba ya msichana. Yuko wapi?"

"Ni marehemu," Owor akasema. "Mimi ni ndugu yake."

"Oh, pole sana, pole." Ekaju akavuta kidogo, akatoa mrija mdomoni. "Na yule anayetembea pale nyuma ya ghala, anaenda anarudi, anaenda anarudi. Ni nani?"

Owor akakohoa. "Yule ndiye ndugu yangu marehemu."

Watu wa Mella wakatazamana. Kijana mmoja akasonya ili asicheke. "Marehemu mwenye haraka," Ekaju akasema. "Kwetu wanalala."

Hapo ikasikika kengele ya baisikeli. Padri Yosti alikuwa anakuja, kanzu imefungwa kiunoni, na begani mwake amebeba kitu kirefu kinachoyumba mbele na nyuma, kinamfanya apande kwa wasiwasi. Aliposhuka tukaona. Ulikuwa mrija. Nimeona mirija mingi, na huo ulikuwa mbaya kuliko yote: umepinda kama njia ya ng'ombe, viungo vimefungwa kwa mpira mwekundu wa pampu, kichujio kikubwa kama kiota. Vidole vya Padri vilikuwa na malengelenge na majeraha ya moto.

Akasimama mbele ya wazee, akaondoa kofia. "Mimi ndimi niliyeuvunja mrija wa mtu aliye hai. Sikujua, wala sikuuliza. Yule ambaye nimemkosea yuko wapi?"

Mama yake Oboth, aliyekuwa amekaa kwenye ngozi mlangoni, akaanza kupiga kigelegele peke yake, sauti nyembamba, mpaka wengine wakamsaidia. Oboth akaja. Padri akampa mrija kwa mikono miwili. Mzee mmoja wa ukoo akainuka, akakigeuza kile kigoda, miguu chini.

Oboth akakaa. Nilikuwa namtazama koo. Akautazama ule mrija kwa jicho lake la kazi, kipande kwa kipande, akaupeleka mdomoni, akaupuliza. Mashavu yakajaa. Hakuna kilichopita. Akaupapasa kwa kidole mpaka kipande cha tatu, akasimamisha kidole.

"Padri," akasema, "hili fundo hukutoboa."

Padri akawa mwekundu mpaka masikioni. "Nilidhani nimeyatoboa yote."

Kicheko kikapasuka pale, hata Abbo akaziba mdomo. Owor mwenyewe alicheka, kisha akasema, "Si kitu, si kitu! Wewe ni fundi. Pasha chuma, toboa, tuendelee. Jiko iko na moto."

Kicheko kikaisha. Moto ulikuwepo kweli, hatua nne. Apendi alikuwa amesimama pale pale jikoni na birika la maji, kovu lake juu ya kiwiko linang'aa kwa jasho. Mikono ya Oboth ilikuwa inauzungusha mrija, inauzungusha. Padri alifungua mdomo kusema kitu, akaufunga. Nilimwona akijizuia, na haikuwa kazi ndogo kwake.

"Wazee," Oboth akasema, "mrija ninayo. Imeletwa na aliyevunja. Kigoda ninayo. Fundo nitaacha hivi hivi. Mimi nikivuta moja sitasimama tena, na wote mnajua, ila hatusemi. Mzee Ekaju, kama unaweza kuongea na baba ya msichana ambaye mrija yake imeziba, mimi niko hapa. Kama huwezi, sema sasa."

Wakamtazama Ekaju. Yeye akavuta mrija wake, funda refu, akameza, akafuta ndevu.

"Mimi nilikuja kuongea," akasema. "Ikiwa yeye hakunywa, si itabaki nyingi yetu? Haya, tuanze. Sogea, wewe mnene, baba ya msichana apate kivuli."

Owor akasogea. Akasogea kwa kujivuta, lakini akasogea.

Maongezi yalikwenda mpaka jua likaelekea kuzama. Oboth aliongea vizuri, alimtetea binti yake, alitania, na wakati wote ncha ya mrija ule mbaya ilikuwa chunguni pamoja na ya wengine. Lakini miguu yake chini ya kigoda haikutulia hata dakika. Padri alikaa nyuma yake kwenye gunia, hakuhubiri. Abbo alipomletea uji akanywa uji.

Walipopatana na watu kuanza kuimba, Oboth aliinuka, akauweka mrija begani, akaniambia kwa macho tutoke. Tukashika njia, mimi nasukuma baisikeli, yeye mbele. Alikuwa analowa jasho kama ile wiki ya kwanza. Harufu ya chungu ilikuwa kwenye nguo zetu.

"Umeshinda," nikamwambia.

"Leo," akasema, akaongeza mwendo.

Tulipofika penye mteremko wa mawe akasimama ghafla. Akaushusha ule mrija, akapapasa kipande cha tatu.

"Labani. Una spoki?"

Nikamtazama. Alikuwa hatabasamu.

"Sina," nikasema.

Hakuniuliza tena. Akauweka begani, tukaanza kushuka, na kila gurudumu lilipogonga jiwe, zile spoki kumi na moja zikalia ndani ya mkoba, chwa, chwa, chwa, mpaka chini kabisa. Yeye alikuwa anatembea mbele haraka, hageuki.

"Shuka polepole," akasema mwishowe. "Hizo ambazo huna zitamwagika."